Weita mpya wa ruftopu, ukingo kwanza trei baadae

Wadogo zangu mlioanza kazi mwezi huu, hasa nyie mliotoka baa za chini mkapandishwa huku ruftopu, baa ya juu ya paa, nawapenda ila wikiendi hii mmenipandisha presha. Nimeona mwamvuli umefunguliwa huku kusi inavuma, nimeona sahani ya chipsi inapanda ngazi bila kufunikwa, alafu nimeona mteja kaweka glasi juu ya ukuta wa ukingoni na weita kapita pale pale na trei yake kama hajaona kitu. Kazi ya juu siyo kazi ya chini iliyohamishiwa ghorofani jamani. Nawaandikia yale ninayoona yanarudiwa kila wanapokuja wapya.

1. Jua linazama wapi. Mteja akipiga simu kubuku meza ya kuangalia jua likizama, usikimbilie kumpa ile ya mbele kabisa inayotazama bandari. Dar bahari iko mashariki, jua linatoka majini asubuhi na jioni linazama kule nyuma upande wa Magomeni na Ubungo, sasa nyie mnawakalisha wapenzi wawatu wakitazama Kigamboni, ikifika saa 12 na kitu wameligeuzia jua mgongo, wanaanza kugeuza viti, wanagongana na meza ya jirani, na wewe una oda tatu mkononi. Muulize mapema tu, unataka jua au unataka meli? Mgeni aliyetoka Unguja ndo atabisha zaidi maana Mji Mkongwe unatazama magharibi, kule linazama majini kweli. Na hapa hapa Dar ukienda Slipway utaliona linazama ng'ambo ya ghuba ya Msasani, kwa hiyo kama ndo anachotaka mwambie ukweli, atarudi kwako siku nyingine. Likishazama giza halichelewi huku kwetu, taa za mezani zichajiwe mchana.

2. Vijue vinavyoonekana. Watauliza, kila siku watauliza. Kanisa la vigae vyekundu pale mbele ya maji ni Azania Front, la Walutheri, lilijengwa na wamisionari wa Kijerumani 1898. Lile lenye mnara mrefu uliochongoka ni St. Joseph, la Wakatoliki. Pantoni zinavuka Magogoni kwenda Kigamboni, na daraja la kule ndani ni la Kigamboni, lilifunguliwa 2016, lina mita 680. Tulikuwa na dada mmoja hapa, akiulizwa anajibu "ni kanisa tu", mpaka siku moja aliyeuliza akawa mzee aliyefunga ndoa Azania Front ujanani, alitaka tu kuwaonyesha wajukuu. Yule mzee akamsimulia dada mambo ya mji nusu saa nzima, na tangu siku hiyo ukitaka kujua jengo lolote la Posta, huku katikati ya mji, unamuuliza yeye.

3. Upepo. Kusi kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, Juni na Julai ndo inakuwa kali, kaskazi inakuja mwisho wa mwaka mpaka Machi. Mwamvuli unafungwa kabla haujaanza kutikisika, na mteja akilalamika kuhusu jua mhamishe meza. Masika, mito ya viti iwe ya kwanza kuingia ndani.

4. Ukingo. Hapa nitakaa.

Nilikuwa mgeni kama nyie, sehemu nyingine, sitaitaja. Kulikuwa na meza ya washkaji wanasherehekea, wanatoa tipu kila raundi, mmoja akaweka glasi ya waini juu ya ukuta ili waipige picha na taa za mji. Niliiona. Nakumbuka kabisa nilivyoiona, hata alama ya vidole kwenye glasi niliiona kwa sababu taa ilikuwa nyuma yake. Nikajisemea ngoja nimalize kumimina hapa, alafu ukweli ni kwamba sikutaka kumkera mtu anayenipa hela. Jamaa akageuka kumkumbatia mwenzie, kiwiko kikagusa. Ukiwa juu husikii kitu, muziki unaendelea, watu wanacheka, mimi ndo nilijua. Lifti ilikuwa imekwama chini nikashuka ngazi mbio, nikamkuta muuza kahawa amekaa kwenye kigoda chake ameshika mguu, damu inapita kwenye vidole, birika limelala, makaa yamesambaa kwenye lami na watu wanayaruka. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Mmedondosha au mmetupa?" Nikashindwa kumjibu, maana jibu la kweli lilikuwa niliona nikaacha. Alishonwa, matibabu yalilipwa, lakini wiki zile hakuuza kahawa na nyumbani kwake walikuwa wanamtegemea yeye.

Sasa fanyeni hesabu. Glasi ikitoka ghorofa ya 10, mita kama 30, inafika chini kwa sekunde mbili na nusu hivi ikiwa na spidi ya zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Ingepita sentimita chache kulia pale, ni kichwa. Kwa hiyo ukiona glasi, chupa, simu, hata kopo tupu juu ya ukuta, weka trei chini uende. Sema, "Bosi naomba nikushikie, upepo wa hapa mbaya." Miaka yote hii sijaona mteja aliyekasirika kwa hilo, na angekasirika akasirike.

5. Chakula kifunikwe kuanzia jikoni mpaka mezani, barafu ichukuliwe kidogo kidogo, na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, itoke bila mteja kuomba. Kijana ukimtilia shaka, omba kitambulisho, chini ya miaka 18 hapewi pombe hata kama kaja na mjomba wake.

Ijumaa hii nipo zamu ya jioni. Anayeanza aje saa 9 alasiri kabla wateja hawajapanda, tuzunguke ukingo wote nikuonyeshe kona ambazo watu wanapenda kuweka vitu.