Tangazo lisilovaa sare

Mama yangu anaishi Ujiji, na redio yake hainyamazi mpaka betri zichoke. Mwaka juzi aliacha vidonge vya presha alivyoandikiwa hospitali, akaanza kunywa unga wa mitishamba uliokuwa ukisifiwa kwenye kipindi kimoja cha afya. Nilipomuuliza nani kamshauri, akanijibu, "Daktari wa redioni, mwanangu." Nikakaa kukisikiliza kipindi hicho. Kumbe huyo "daktari" ndiye muuza unga, na muda wa hewani kaulipia mwenyewe. Wasikilizaji hawakuambiwa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari, hapahapa Kigoma. Miaka yote nimefundisha uandishi wa matangazo: kichwa kwa herufi kubwa, bei, mahali, namba ya simu. Siku ile niliona kwamba nimekuwa nikifundisha tangazo lililovaa sare tu, na hilo hata mtoto wa darasa la tatu analitambua.

Nilirekodi nusu saa ya kipindi kile nikawasikilizisha kidato cha pili. Kazi yao ilikuwa moja: mtangazaji akiuliza swali, liandike. Wakapata maswali 11. Hakuna lililouliza madhara ya dawa, wala nani asiitumie, wala kama imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwalimu mwenzangu, ukitaka kufundisha tangazo la kujificha, anzia hapo, kwenye maswali ambayo hayakuulizwa. Kuwaambia watafute neno "imedhaminiwa" hakutoshi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza mwaka 2016 kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wadogo kidogo kuliko hawa wangu waliiona makala ya kulipiwa kuwa ni habari ya kweli, ingawa ilikuwa imeandikwa wazi kuwa imedhaminiwa.

Lakini kilichowafungua macho hasa ni kuandika wenyewe. Niliwaambia: andika habari au kisa cha kuuza kitu, ila msomaji asijue kuwa anauziwa. Binti mmoja akasoma kisa cha bibi yake, jinsi alivyokuwa akiwapikia wajukuu samaki aina ya migebuka kwa mawese mekundu, na jinsi harufu ile inavyomrudishia bibi hata sasa ambapo hayupo. Darasa lilinyamaza kimya. Mwishoni mwenzake akamuuliza mawese hayo yanapatikana wapi. Akasema, "Kwa mama, soko la Mwanga, meza ya pili."

Walicheka, kisha ukazuka ubishi ambao sikuupanga. Wengine walisema amewadanganya. Yeye akashikilia kwamba kila neno ni kweli: bibi alikuwepo, migebuka ilikuwepo. Na ni kweli. Kipindi kizima kiliishia hapo, nami sijutii, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuwaambia kuwa tangazo la kujificha ni uongo. Linaweza lisiwe na uongo hata chembe. Linachoficha ni kwamba msimulizi ana meza sokoni.

Nikuonye jambo moja. Baada ya wiki mbili kijana mmoja alianza kuita kila kitu tangazo, hata gari la kipaza sauti lililopita likihimiza watu wachemshe maji kwa ajili ya kipindupindu. Usimcheke, wala usimwache hivyo. Tuliketi naye tukafuatilia: nikichemsha maji, nani anapata fedha? Nani anapona? Akaona mwenyewe tofauti. Mtoto asiyeamini chochote yuko hatarini sawasawa na yule anayeamini kila kitu, maana wote wawili watakosa onyo la kweli.

Mama amerudi kliniki, na presha imetulia. Redio bado anaisikiliza. Mwezi uliopita alipiga namba ya studio, akapokelewa hewani, akasalimia kwa heshima zote, kisha akauliza: "Samahani mwanangu, huyu mgeni wenu amelipia kipindi?" Simu ikakatika. Akapiga tena.