Oksijeni kwa tako lililoharibika baada ya sindano
Mmeuliza kama oksijeni inaweza kusaidia tako la mama lililoharibika baada ya sindano. Ndiyo, inaweza kusaidia, ila si ile ya barakoa ya wodini, bali ya chemba ya shinikizo. Maumivu makali palepale baada ya sindano ya diklofenaki (dawa ya maumivu), kisha ngozi kuwa ya zambarau yenye michirizi kama wavu, ni dalili za sindromu ya Nicolau: mishipa midogo inaziba, nyama inakosa damu. Ilielezwa tangu miaka ya 1920, enzi za sindano za bismuthi, metali iliyotumika kama dawa ya kaswende. Mgonjwa huingizwa kwenye chemba yenye shinikizo la mara 2 hadi 2.5 ya hewa ya kawaida, akavuta oksijeni tupu kama saa moja na nusu, siku kadhaa mfululizo. Oksijeni inayeyuka kwa wingi kwenye majimaji ya damu na kuifikia nyama inayoelekea kufa. Iliyokwisha kuwa nyeusi hairudi, hukatwa. Ushahidi wenyewe ni wa mgonjwa mmoja mmoja, si majaribio makubwa. Mimi ni muuguzi wa vidonda: mpelekeni mama kwa daktari wa upasuaji leo hii, na tafadhali msimkande kwa barafu, inaibana mishipa zaidi.