Filamu ya Magharibi? Magharibi ya wapi?

SWALI: Nimesoma kwamba The Scarlet Drop, "filamu bubu ya Magharibi iliyopotea" ya mwaka 1918, imepatikana Chile. Ikishapatikana, bado ni "iliyopotea"?

JIBU: Nitakujibu, msomaji wangu, lakini subiri kidogo. Umeliruka kosa lililojilaza katikati ya njia bila hata kujikwaa: "ya Magharibi".

Magharibi tumeipata kwa Waarabu, na asili yake ni kuchwa kwa jua. Kwetu ina kazi tele: ni upande, ni wakati, ni swala. Sasa mwambie mzee wa Lamu kwamba leo kuna filamu ya magharibi. Atakuuliza: kabla ya swala au baada yake? Mwambie mtu wa Kakamega, atakwenda kutazama kama jirani yake yumo, maana Magharibi ya Kenya ndiko kwao. Mwanafunzi wa chuo naye atadhani ni filamu yoyote ya Wazungu, hata ya mapenzi iliyopigwa Paris. Watu watatu hao, na hakuna hata mmoja aliyemwona Harry Carey, mwigizaji mkuu wa picha hiyo, juu ya farasi, bastola kiunoni! Mfasiri amelikuta neno la Kiingereza "Western", akalitazamia kwenye dira, akaenda zake kulala.

Neno tunalo, tena la siku nyingi: picha ya kauboi. Kila aliyewahi kupanga foleni ya sinema analijua. Na asiniletee mtu "mchunga ng'ombe"; huyo tunaye Simanjiro, na fimbo inamtosha. "Bubu" naivumilia, ingawa mpiga piano aliyeisindikiza picha ukumbini hakuwa akinyamaza.

Haya, swali lako. Kiswahili sanifu hakikubali "imeyopotea", kwa hiyo "iliyopotea" hubebeshwa mizigo miwili: iliyopotea zamani, na ambayo hadi leo haijulikani ilipo. Kwa picha hii, iliyoongozwa na John Ford, andika "iliyokuwa imepotea", kwa kuwa huko Santiago, Chile, wameiona. Ambayo haijaonekana, andika "ambayo imepotea", ueleweke.

Lakini zile nakala za picha za Tom Mix, kauboi mwingine wa sinema bubu, zilizokuwa katika ghala la kampuni ya filamu ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, moto ulipozuka Julai 1937, usiziite zilizopotea kwa namna yoyote. Ziliteketea. Zilipo tunapajua.