Shangazi, niende kwenye Sinterklaas ya Waholanzi?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Maskati na mume wangu Mholanzi na binti yetu wa miaka 6. Waholanzi wa hapa wametualika Sinterklaas, sherehe yao ya Desemba ambapo mzee wa jina hilo huja kuwapa watoto zawadi. Nimeokota kikaratasi chenye jina la mama nisiyemjua vizuri, natakiwa nimpe zawadi na kumtungia shairi. Tena nimeona picha za Wazungu waliojipaka uso weusi. Mume wangu anasema ni mchezo wa watoto tu. Niende?
Mama Salma

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hizo nyuso, ndipo penye uzito. Zwarte Piet, msaidizi mweusi wa Sinterklaas, alienezwa na kitabu cha watoto cha mwalimu Jan Schenkman cha mwaka 1850, Uholanzi ingali na watumwa katika koloni lake la Surinam. Wenyewe wamegombana sana juu yake, na tangu 2019 mapokezi ya kitaifa ya kwenye televisheni yana wasaidizi wenye madoa ya masizi tu, kana kwamba wamepita kwenye dohani. Jumuiya za ughaibuni lakini hujiamulia. Basi usibishane na mume. Mwandikie mwandaaji: Piet wenu mwaka huu atapakwaje? Akijibu masizi, nenda. Akijibu weusi mtupu, Salma abaki nyumbani, na mumeo ndiye awaeleze sababu, maana ni watu wake.

Mkienda, kwa kawaida wazazi hupeleka zawadi ya mtoto mapema, imefungwa na kuandikwa jina, pamoja na mistari michache ambayo Sinterklaas huisoma mbele ya watu wote. Taja analojivunia mtoto na dosari moja ndogo. Habari za kukojoa kitandani ziacheni kwenu.

Shairi lisikutishe, wewe mtu wa Tanga! Mizani hawahesabu, vina vya mwisho vikilingana mstari kwa mstari, watafurahi. Mistari 12 yatosha, na Kiingereza kinakubalika. Waulize rafiki za huyo mama tabia zake mbili tatu, mtanie kwazo, dokeza zawadi bila kuitaja, kisha chini weka "Sint", yaani Sinterklaas, kamwe si jina lako. Mwenyewe atalisoma kwa sauti kabla ya kufungua, kwa hiyo unene, fedha na ndoa usiviguse. Kiwango cha bei kikitajwa, usikipite, utamwaibisha aliyekifuata.

Ukitaka kwenda na kitu mkononi, oka kruidnoten, vibiskuti vidogo vya viungo vya sherehe hiyo. Viungo vyote unavyo jikoni. Changanya unga wa ngano gramu 250, bekingi pauda vijiko vidogo 2, sukari ya kahawia gramu 125, siagi gramu 100, maziwa vijiko vikubwa 3, chumvi kidogo, na vijiko vidogo 3 vya viungo: mdalasini ndio uzidi, kisha karafuu, kungumanga, tangawizi na iliki. Donge likae kwenye friji saa nzima, la sivyo kwa joto la Maskati siagi itayeyuka na vitatandaa. Finyanga viduara vidogo kama gololi. Vikubwa hubaki vibichi katikati. Oka nyuzi 170 kwa dakika 15. Vikitoka vitakuwa laini, usivirudishe: hukauka vikipoa.

Supu nzito ya njegere uiulizie kabla ya kujipakulia, kwani kwao hupikwa kwa nguruwe. Na mwaliko ukisema saa 9 alasiri, fika kabla ya saa 9. Sinterklaas huingia mara moja tu.