Kabla ya Kumtaja Mungu Aliye Kwenye Sarafu, Soma Jina la Mji

Anayeanza kukusanya sarafu za kale za Roma kwa kawaida huanza na zile za dola yenyewe, na hizo humzoesha vibaya. Mwanamke ameshika pembe iliyojaa matunda, pembeni yake pameandikwa FORTVNA au CONCORDIA, basi kazi imekwisha. Akihamia kwenye sarafu za majimbo ya mashariki anajikuta gizani. Maandishi ni ya Kigiriki, na upande wa nyuma mara nyingi hautaji mungu bali watu wa mji uliotoa sarafu. Nimezishika na kuzichungulia kwa lenzi miaka mingi, na ushauri wangu ni mmoja: usikimbilie sura ya mungu, anza na mji.

Msomaji wa Kiswahili ana mtaji hapa pengine bila kujua. Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia, Laodikia: miji yote saba ya kitabu cha Ufunuo ilipiga sarafu zake chini ya Warumi. Ukiona ΕΦΕCΙΩΝ, maana yake ni sarafu ya Waefeso. Zoea tu kwamba sigma mara nyingi huandikwa kama C. Na neno ΝΕΩΚΟΡΩΝ usilidhanie mji. Hicho ni cheo cha mji uliotunza hekalu, hasa hekalu la ibada ya kaisari, na miji ilikigombania kwa wivu mkubwa.

Ukishaujua mji, nusu ya miungu inajitoa yenyewe. Efeso, mtafute Artemi. Yupo mwindaji mwenye upinde na mbwa, na yupo yule wa hekaluni: amesimama akikutazama, miguu imebanwa kama nguzo, kifua kimejaa viumbo vya mviringo ambavyo wataalamu bado wanabishania, na mara nyingi kuna paa dume kila upande. Smirna, ukiona wanawake wawili wanaotazamana, usidhani ni watu wa kawaida tu. Mji huo uliabudu Nemesis wawili, miungu wa kike wa malipizi. Tazama mkono ulioinuliwa kuvuta nguo kifuani, hatamu ya farasi, au gurudumu miguuni. Pergamo ni kwa Asklepios, mungu wa uganga, na fimbo yake yenye nyoka mmoja. Nyoka wakiwa wawili, fimbo hiyo ni ya Hermes, mjumbe wa miungu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Antiokia, kwa sababu zilikuwa zaidi ya moja. Ile ya Siria inaonyesha Tyche, bahati ya mji, ameketi juu ya mwamba amevaa taji la kuta na minara, na chini ya miguu yake mto Orontes unaogelea kwa umbo la kijana. Miji mingine iliiga picha hiyo, kwa hiyo jina bado ni muhimu. Antiokia ya Pisidia ilikuwa koloni la Kirumi, ndiyo maana maandishi yake ni ya Kilatini, na mungu wake ni Mên, mungu wa mwezi: mwanamume mwenye pembe za hilali zinazochomoza nyuma ya mabega. Taji la minara peke yake halitoshi kukuambia ni Tyche. Cybele, mama wa miungu, naye hulivaa, ila yeye ana simba na dufu.

Aleksandria ya Misri ina mambo yake. Jina la mji haliandikwi. Unapata alama ya L, yaani mwaka, na herufi zinazosimama kama tarakimu za mwaka wa utawala wa kaisari. Kwenye sarafu ya kaisari Hadrian, LIH ni mwaka wa 18, yaani 133/134, kwani mwaka wa Misri ulianza mwishoni mwa Agosti. Mwenye ndevu na kipimo cha nafaka kichwani, kama pishi, ni Serapis. Mzee aliyejilaza na mamba au kiboko karibu yake ni Nilus, mto wenyewe.

Wanawake wa Aleksandria waliosimama ndio wanaotesa, hasa sarafu ikiwa imelika. Zima taa ya juu, laza tochi ya simu pembeni hadi vivuli virefuke, kisha ufuate mkono wa kulia kwenda chini. Kitu kikigusa ardhi, ni usukani wa chombo, naye ni Tyche. Kikining'inia na vidoa viwili chini yake, hiyo ni mizani, naye ni Dikaiosyne, haki. Akiinua ua kwa mkono mmoja na kushika pindo la gauni kwa mwingine, ni Elpis, tumaini. Mimi huwa siandiki jina lolote kwenye bahasha ya kuhifadhia sarafu kabla ya kuona angalau vitu viwili vinavyokubaliana.

Baada ya hapo, linganisha. Kanzidata ya RPC (Roman Provincial Coinage, yaani sarafu za majimbo ya Roma) ya Chuo Kikuu cha Oxford iko wazi mtandaoni bila malipo. Tafuta kwa mji na kaisari kwanza, kisha upitie picha moja moja. Na ukikuta sarafu imesagika uso wa kaisari lakini mikunjo ya nguo za mungu upande wa pili ni mikali kama ya jana, kuwa macho: kuna wanaochonga upya ili wapandishe bei, na mchongaji wa leo anaweza kumpa mungu kitu ambacho hakuwa nacho.