Niliandika "Mallow" kwenye lebo, nikauza mlenda kama chai

Juzi nimepata meseji ya dada mmoja wa Makambako, ameanza kukausha mboga za majani na sasa anataka kuchapisha lebo, ananiuliza, "Dada, hivi niandike jina la Kiswahili au la Kizungu ndio linauza?" Nilikuwa kwenye bajaji nikacheka peke yangu mpaka dereva akageuka kuniangalia. Maana hilo swali mimi nilishalijibu kwa hela yangu mwenyewe, laki mbili na themanini, na stika mia nne ambazo mpaka leo ziko chini ya kitanda.

Haya mdogo wangu, kaa nikusimulie.

Mimi niko Mbeya, Uyole, na huku kwetu juu kwenye baridi mlenda haustawi kivile, tunautegemea kutoka kule chini kwenye joto, Usangu. Kuna mama yangu mmoja wa Rujewa ndio ananipa mzigo. Nakausha kivulini, sio juani, ukiuanika juani unapauka unakuwa kama nyasi ya kulalia mbuzi, halafu naupekecha kwa viganja mpaka unakuwa kama majani ya chai ya vumbi, nachekecha kutoa vijiti, napaki. Wateja wangu wa mwanzo walikuwa watu wa Dodoma na Singida waliohamia huku, hao ukiwatajia mlenda wa unga hawaulizi bei mara mbili.

Sasa nikataka kukua. Nikaenda kwa fundi wa lebo, kijana mjanja mjanja, akaniambia sista mlenda ni jina la kishamba, supamaketi hawawezi kukupokea na hilo jina, akagugo pale pale akakuta Wazungu wanauita jute mallow. Jina likawa refu halienei kwenye stika, tena tulishakubaliana maandishi yawe makubwa, basi akaitoa jute. Ikabaki Mallow. Na mimi nikasimama pale naangalia printa inatoa jina langu jipya, nimevimba kichwa kama nimeshafungua kiwanda.

Miezi sijui mingapi ikapita hapo, ya kawaida tu. Siku moja akanicheki dada wa Dar mwenye kimgahawa cha chai, "Unayo mallow kavu ya chai?" Nikajibu ninayo, sema kiasi. Neno "ya chai" nililiona kabisa, ila jicho lilikuwa kwenye kilo 14. Nikafunga mzigo, nikaupeleka stendi, ukapanda basi la usiku.

Baada ya siku mbili voisi noti. "Dada umenitumia nini? Nimemimina maji ya moto kwenye glasi mbele ya mteja, imekuwa makamasi!"

Kumbe yeye alitaka maua. Mallow yenyewe, ile ambayo wataalamu wanaiita Malva, ni mmea wa huko Ulaya na Mediterania, ua lake zambarau lenye michirizi iliyokolea, yakikauka ukiyatia kwenye maji chai inatoka ya bluu, ukikamulia limau inageuka pinki. Ndio alikuwa ameshawaambia wateja wake waje waone! Mlenda wangu ni Corchorus, ni ndugu tu wa ukoo, na huo ukoo ni mkubwa balaa, bamia imo, rosella imo, pamba imo, mbuyu umo, hata kakao ya Kyela imo. Yaani nimeitwa nimlete Asha nimemleta binamu yake wa mbali nikasema wote ni wa ukoo mmoja. Na lile neno jute tulilolikata ndilo lingeniokoa, maana jute ni yale magunia, mmea ni huo huo wa mlenda, India na Bangladesh wanauacha urefuke wanatoa nyuzi.

Nilikasirika nikaanza kusoma, bando linaisha nanunua lingine. Jina mallow linatokana na malva ya Kilatini, na Wagiriki walikuwa na malakhe yao wakiihusisha na malakos, maana yake laini. Ulaini wa nini? Wa ule ute! Unapooza koo, unalainisha tumbo. Waarabu wao wanaiita khubeza, kutoka khubz, mkate, kwa sababu vitunda vyake ni viduara kama vimkate. Wafaransa wanaita mauve, na mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Perkin, alikuwa anahangaika kutengeneza kwinini akaambulia uchafu uchafu, kuuchunguza akakuta unatia hariri rangi ya zambarau, baadaye ikaitwa mauve kwa jina la hilo ua. Yeye kukosea kwake kulimpa utajiri. Mimi kwangu ulirudi mlenda kilo 14 na nauli ya basi juu yangu.

Na hapo ndipo iliponiuma. Mimi na wewe, mlenda tumeuita hivyo kwa ajili ya ule ute wake, ndio maana mboga yoyote inayovutika watu wanaiita mlenda, hata isiyo mmea huo. Yaani bibi zetu walishika kitu kile kile walichoshika Wagiriki, utelezi, wakakipa jina. Halafu mimi nikalitupa jina la bibi zangu kwa sababu kijana wa printa kasema ni la kishamba!

Yule dada nilimrudishia hela yote, na bado aliniandika kwenye grupu la wajasiriamali kwamba mimi tapeli. Sijasahau. Na wifi yangu kila tukikutana msibani au harusini ananikaribisha chai halafu anauliza, "Ya mlenda au ya kawaida?" Watu wanaangua.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, jua jina la bidhaa yako. Lijue kwa Kiswahili, lijue na lile la kitaalamu, lile la Kilatini ambalo halina ubabaishaji, liandike hata kwa maandishi madogo kwa nyuma. Na mteja akikuagiza muulize anaenda kukifanyia nini, kunywa au kula. Vijana wenzangu tunaona aibu na vya kwetu, tunataka kila kitu kiitwe organic sijui nini, halafu tunalia hatuna soko. Soko la mlenda lipo, linaitwa mlenda. Jua jina la bidhaa yako, narudia.

Sasa hivi lebo yangu imeandikwa MLENDA, chini yake "tia magadi kidogo, pekecha kwa upekecho, nyanya na karanga ukipenda". Zile kilo 14 ziliisha kwa wiki tatu.

Ila mdogo wangu wa Makambako, kabla hujaenda kwa fundi wa lebo nitumie picha ya hayo majani yako yakiwa mabichi, ua lionekane. Likiwa dogo la njano na jani lina vijinywele viwili pale chini linapoanzia kwenye kikonyo chake, ni mlenda kama wangu. Likiwa zambarau usichapishe chochote, nipigie.