Maswali ya wasomaji: Farasi anauma mlango na kuvuta hewa, ni jeuri?

SWALI: Dokta salama? Mi ni Mkenya, nafanya kazi ya usaisi hapa Barka, Oman, huu mwaka wa tatu, nashika farasi sita. Kuna dume mmoja wa Kiarabu wa miaka saba, akimaliza kula tu anashika ukingo wa mlango na meno, anakaza shingo, anavuta hewa mpaka unasikia mlio kooni, na ni siku nzima hivyo. Wanalishwa mara mbili, shayiri na pelleti (chakula kilichoshindiliwa vidonge), majani kidogo. Bosi kaleta mkanda wa kumfunga shingoni, nikiukaza anaacha, nikiulegeza anarudia kwa fujo kuliko mwanzo. Jike wa banda la pili naye kutwa anayumba kushoto kulia pale mlangoni kama mtu anabembeleza mtoto. Wenzangu wanasema ni jeuri tu na hawa wengine wataiga. Nifanyeje? Na ni kweli farasi anajua ukimwendea na hasira?
*Saisi, Barka*

JIBU: Ndugu yangu, ahsante sana kwa kuuliza kabla hujaukaza huo mkanda tundu lingine. Huyo dume hana jeuri yoyote. Tumbo la farasi linatoa asidi usiku na mchana, awe amekula au hajala, na mate ya kuipooza hiyo asidi yanatoka akiwa anatafuna tu. Akiwa malishoni anakula kidogo kidogo karibu saa 16 kwa siku huku anatembea na wenzake. Sasa huyo wako shayiri na pelleti anazimaliza chap, halafu masaa mangapi kasimama anaangalia ukuta, tumbo tupu, asidi inamchoma, mdomo hauna kazi, basi anautafutia kazi kwenye mlango. Mkanda unamzuia mdomo tu, ile hamu inabaki pale pale inamlimbikia, ndo maana ukiulegeza anaanza kwa fujo.

Kwa hiyo anza na chakula. Farasi wa kilo 400 anahitaji kama kilo 8 za nyasi kavu kwa siku, zigawe mara nne au tano, na fungu la mwisho mpe usiku ukienda kulala maana usiku ndo mrefu. Zitie kwenye wavu wa matundu madogo ili achelewe kuzimaliza. Shayiri punguza, na yale majani ya alfaalfa mpe pia kiasi, yanasaidia kupooza asidi. Ila tafadhali usibadilishe kwa siku moja! Chukua wiki mbili hivi, la sivyo utamletea msokoto wa tumbo na huo unaua. Mwombe bosi amwite daktari wa mifugo amwangalie kama ana vidonda vya tumbo, farasi wanaolishwa nafaka nyingi na majani kidogo wanavipata sana.

Halafu upweke. Hapa nitasema kidogo zaidi maana ndo kitu mabanda mengi yanapuuza, mtu ananunua farasi kwa pesa nyingi, anamjengea chumba kina feni na marumaru, halafu ukuta ni mzima hadi juu hamwoni mwenzake. Farasi ni mnyama wa kundi, hata usingizi wenyewe anautegemea kundi, anaweza kusinzia akiwa amesimama lakini ule usingizi mzito lazima alale chini, na halali chini kama hajisikii salama, porini mmoja analala mwingine anasimama macho. Marafiki wawili utawaona wanakunana na meno pale shingo inapokutana na mgongo, na kule Camargue, Ufaransa, watafiti walipima wakakuta ukimkuna farasi hapo mapigo ya moyo yanashuka. Wewe mwenyewe jaribu kwa vidole, utaona mdomo wa juu unarefuka na macho yanalegea.

Dume huwezi kumchanganya na jike hivi hivi, najua, lakini ukuta unaweza kutobolewa ukawekwa nondo waonane na wagusane pua. Na watoke nje kila siku, huko joto ni kali basi iwe alfajiri na usiku. Huyo jike anayeyumba, kama haiwezekani kabisa kumpa jirani, Uingereza walishajaribu kuweka kioo bandani na kuyumba kukapungua sana. Mwenzake wa kweli ni bora, lakini kioo ni bora kuliko ukuta. Hilo la kuigana halijathibitishwa, ukiona wanne wanafanya kitu kimoja angalia ratiba moja inayowalisha wote wanne. Nikwambie ukweli pia, tabia ikishakaa miaka inaweza isiishe yote hata ukirekebisha kila kitu. Ikipungua umefanya kazi kubwa, usimfunge tena mkanda.

Kuhusu hasira, ndio anajua. Mwaka 1904 pale Berlin kulikuwa na farasi anaitwa Hans, mwenye wake Wilhelm von Osten alikuwa mwalimu wa hesabu, na Hans alikuwa anajibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst alipochunguza akagundua Hans hajui hesabu, alikuwa anasoma mwili wa muulizaji, kichwa kikiinuka kidogo tu Hans anaacha kugonga, na muulizaji mwenyewe hajijui kama amesogea. Sasa mnyama anayeona hivyo hatashindwa kuona mabega yako yamekaza? Mwendee upande wa bega, usimtokee nyuma wala katikati ya uso, hapo haoni. Ukivuta kamba akapiga hatua moja, legeza hapo hapo, maana kulegeza ndo kunakomfundisha. Ukichelewa kulegeza hajui umetaka nini.

SWALI: Nina punda wawili hapa Lamu, mmoja kafa juzi, alikula mifuko ya plastiki. Aliyebaki hataki kazi wala kula, analia usiku. Watu wanasema atazoea.
*Baba Fatma, Lamu*

JIBU: Pole sana Baba Fatma. Usisubiri azoee. Punda wakiishi pamoja wanashikana wawili wawili kuliko hata farasi, na punda akiacha kula mafuta ya mwili yanamwagika kwenye damu, ini linashindwa, anakufa ndani ya siku chache huku kwa nje anaonekana ametulia tu, maana punda huficha maumivu. Leo hii mpeleke kile kituo cha kutibu punda hapo Lamu, kilichoanzishwa 1987, au mwite daktari wa mifugo aje. Kazi apumzike, mfunge karibu na punda wa jirani waonane, mpe majani mabichi mkononi kidogo kidogo. Na siku nyingine mmoja akifa, mwache aliyebaki amnuse na amwangalie mpaka aondoke mwenyewe, ndipo mzike.